Mukima wa Cucu

Leo nimenawa kwa sabuni ya kipande kwenye hoteli moja hapa Witeithie, nikashindwa kula. Harufu yake hunichefua.

Nilipokuwa mtoto, Cucu, nyanya yangu, alikuwa amepanda mche wa mukima, mti wa mbao na kivuli. Kila mvua ikiosha majani, ilibidi nikoroge mavi ya mbuzi na maji, niyapake upya kwa vidole.

"Mbuzi hagusi jani lenye mavi yake," aliniambia.

Yaliteleza, yakaingia kwenye kucha, na uvundo haukutoka siku nzima hata nisugue vipi. Siku moja kinyaa kilinishinda. Nikamwaga ndoo yote bila kutia kidole, nikanawa kwa sabuni ya kipande, nikamwambia nimepaka.

Jioni tulikuta mche umebaki kijiti kitupu, mbuzi wamekula majani yote. Cucu hakunigombeza. Alinishika mikono, akainusa.

Ilinukia sabuni tu.