Shangazi wa Pini

Shangazi hakuwa mtu wa kukumbatiwa ovyo. Upande wa kushoto wa gauni lake ulijaa pini za ushonaji mwaka mzima, na waumini wapya waliomkimbilia mlangoni mwa kanisa kwa mapenzi waliondoka wakijisugua kifua. Waliomzoea walimsalimia kwa mbali na kumpenda hivyo hivyo.

Ibada hakukosa. Jumapili ile upepo ulipoezua paa la kanisa, alikutwa kiti cha mbele, mwavuli wazi, akimngoja mchungaji aanze. Majoho yote ya kwaya yalipita kwenye cherehani yake, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa kilichonuka pasi na chaki. Humo humo ndimo alimoamulia ugomvi wa mtaa mzima, maana alikuwa mzee wa kanisa, na njia yake ilikuwa moja. Aliwaita wagomvi eti wapimwe nguo, akawasimamisha bega kwa bega, akabana mkono wa nguo ya huyu na wa nguo ya yule kwa pini, kisha akaenda kuchemsha chai. Chai hiyo haikuwahi kuiva mapema.

“Mtu aliyebanwa na adui yake hawezi kuondoka kwa hasira,” alimwambia mpwa wake, aliyejifunza ufundi miguuni pake. “Lazima kwanza wakubaliane mlango uko wapi. Wakishakubaliana hilo, yaliyobaki nayamaliza kwa sukari.”

Kitandani, siku zake za mwisho, alikuwa na maagizo mawili tu. “Mwanangu, pini zangu nizikwe nazo. Huko niendako sijui kama wanauza. Na siku ya kunikumbuka, kwaya isimame nzima. Nusu siitaki.”

Mpwa alicheka mpaka muuguzi akaja kufunga mlango. Kisha akaahidi.

Asubuhi ya ibada ya kumkumbuka, ahadi hiyo ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Mwalimu wa kwaya, mwembamba, kola imepigwa pasi hadi inakata, na Ngurumo, fundi bomba aliyeongoza waimba besi, walikuwa wanagombea wimbo nje ya chumba cha kushonea.

“Tumefiwa, mzee. Tunaimba ule wa taratibu,” alisema mwalimu.

“Wa taratibu ndio uliokuwa unamlaza usingizi. Ule wa haraka aliucheza mpaka kiatu kikamruka, kikamwangukia katibu wa usharika.”

“Wewe unaimba kama bomba lililoingia hewa.”

“Na wewe unaongoza kama unafukuza nzi. Basi besi hatusimami. Imbeni na hao wa sauti za juu.”

Mpwa aliwasikia kutoka ndani. Kwaya nusu, siku hii, mbele ya kiti kile cha mbele kilichoachwa wazi. Akatoa kichwa mlangoni, sauti laini kama ya shangazi yake.

“Mzee Ngurumo, joho lako limeachia mshono. Mwalimu, na wewe ingia, niutazame huo mkono.”

Waliingia, wakasimama bega kwa bega bila kutazamana. Mpwa akapapasa kifua chake. Hakuna pini. Zote zilikuwa zimeondoka na mwenyewe. Basi akachukua sindano na uzi, akashona mkono wa kulia wa joho la mwalimu kwenye mkono wa kushoto wa joho la Ngurumo, mshono wa kubana, maana mkono wake haukufundishwa kushona kwa kulegeza.

“Unafanya nini, binti?” aliuliza Ngurumo.

“Nachemsha chai,” alisema, akatoka.

Maji hayajapata hata uvuguvugu, kengele ikalia. Mchungaji, asiyechelewa hata kwa bahati mbaya, alikuwa mlangoni anawapungia. Mpwa akautafuta mkasi mezani, chini ya vitambaa, ndani ya droo. Hakuuona.

“Twendeni,” alisema mwalimu kwa meno yaliyofungwa. “Upande wa kushoto.”

“Mlango uko kulia,” alisema Ngurumo.

Walitazama. Ulikuwa kulia.

Kanisani, mwalimu alisimama, kwa hiyo Ngurumo akasimama. Ngurumo aliposimama, besi wote wakasimama. Kwaya nzima ilikuwa wima, na mpwa akaficha uso ndani ya leso.

Wimbo ulianza taratibu, kama alivyotaka mwalimu. Lakini mwili wa Ngurumo haukujua taratibu. Ulianza kuyumba, na kila ulipoyumba uliuvuta mkono wa mwalimu. Ubeti wa pili mkono ulikuwa unatembea. Ubeti wa tatu ulikuwa unakimbia, na kwaya, iliyozoea kutii mkono huo, ikakimbia nao. Mwalimu alipojaribu kuushusha, mkono wa Ngurumo ulishuka naye, wakapiga magoti kidogo pamoja kama waliopanga. Katibu wa usharika alitazama viatu vya jirani zake, akasogea. Kicheko kilianzia kwake, kikapita viti vyote, na mchungaji akageukia ukutani mabega yakimtetema.

Mpwa aliwaendea wimbo ulipoisha, machozi hadi kidevuni, hajui ni ya kicheko au ya nini.

“Nisameheni, wazee wangu. Mkasi sijauona.”

“Uko shingoni mwako,” alisema Ngurumo. “Umeuvaa tangu asubuhi.”

Aliushika. Kweli ulikuwa pale, kwenye utepe wake. Akaufungua.

Mwalimu alirudisha mkono wake nyuma, na wa Ngurumo ukaufuata.

“Acha kwanza,” alisema mwalimu. “Bado wimbo wa kutokea.”