Ua wa Mama Emiliana

Kadi yangu inasema: Ignasi, Msanifu wa Majengo ya Kumbukumbu, Nyamugari, Gitega. Usiiamini. Mimi ni fundi mwashi niliyejifunzia kazi kambini Tanzania, kwa kufyatua matofali ya udongo. Hilo neno "msanifu" nililiongeza mwenyewe kwa mchapaji kwa sababu kadi ilikuwa na nafasi. Kazi yangu ni kujengea makaburi ya watu wenye uwezo: vigae, msalaba, picha ya marehemu nyuma ya kioo. Mama yangu mwenyewe alizikwa kambini. Kambi ikafungwa, pori likarudi, na sijawahi kwenda kutafuta kaburi lilipokuwa. Lakini tuyaache hayo, leo nataka kujicheka.

Mwaka juzi nilianza kutazama kwenye simu video za wasanifu wa nchi za mbali, wanaojenga sehemu za kumbukumbu zenye nyasi, maji na ukimya. Weee! Nikapata sentensi: "Lazima tuunganishe kumbukumbu na maumbile." Niliisema kwa wateja, nikaisema kanisani, nikaisema kwa kinyozi. Mke wangu Imelda alinipiga marufuku kuisema mezani.

Basi mama yake, Mama Emiliana, akanipa kazi. Anaishi Muyinga, kwenye kilima kilicho juu ya barabara ya Kobero.

"Mkwe," aliniambia, "mume wangu na watoto wangu wawili walibaki njiani tulipokimbia vita. Sijui walizikwa wapi, wala kama walizikwa. Nijengee mahali, hapa hapa nyuma ya nyumba, niwe nakaa nao. Sina siku nyingi."

Kisha akavuka mpaka kwenda Kabanga kumuuguza dada yake, akaniachia uwanja kwa wiki mbili. Nilifurahi ajabu. Mteja asiyekuwepo hana maswali.

Ramani yangu ilikuwa na ukuta wa majina, paa la zege, kibwawa, na miche ya misonobari iliyopangwa mstari. Tatizo lilikuwa moja tu: pale nyuma ya nyumba palikuwa na miti tisa mizee ya umuvumu, ile yenye utomvu mweupe, imesimama kwa duara na kujaa vinundu. Ilikuwa inaniharibia mistari.

"Hivi vichaka vinaondoka," nilimwambia Ilyasi.

Ilyasi ni seremala wangu, mzaliwa wa Nyamugari, hajawahi kuwa mkimbizi hata siku moja. Akaizunguka miti polepole, mikono nyuma.

"Lakini Ignasi, we iko sawa kweli? Hii miti iko kwa duara. Miti haijipangi yenyewe. Uliza mama kwanza."

"Msanifu ni nani hapa?"

"Haya, bosi. Mi niko seremala tu."

Tukakata yote tisa. Ndiyo, umesoma vizuri: nilifyeka miti ili niunganishe kumbukumbu na maumbile. Ilyasi alitaka tutafute mirunda ya mikaratusi, ya kushikilia mbao za kumwagia zege la paa. Nikasema ya nini, na matawi yamelala hapa bure? Tukachagua kumi na mawili yaliyonyooka, na kwa kuwa udongo ulikuwa laini tukayachimbia chini, kina cha goti.

Mama Emiliana alirudi siku mbili kabla ya zege. Aliteremka kwenye pikipiki, akazunguka nyumba, akasimama.

"Ua wangu uko wapi?"

Mimi, zuzu, nikakunjua ramani. "Mama, hapa tunaunganisha kumbukumbu na…"

Ilyasi akakohoa.

"Kastori alipanda ua huu wiki aliyonioa," alisema. "Vijiti tu, virefu kama mkono wangu. Ndivyo watu wa hapa wanavyozungushia nyumba. Nilipoletwa na malori ya warudishwa, nyumba haikuwepo, majirani hawakuwepo, kilima sikukijua. Nikaona miti tisa imesimama kwa duara. Nikawaambia, nishusheni hapa, hapa ni kwangu." Akagusa kisiki kimoja. "Karatasi ya shamba sikuwa nayo. Hii ndiyo ilikuwa karatasi yangu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingia ndani akafunga mlango, na mimi nikabaki na ramani mkononi, natamani ardhi inimeze. Zege halikumwagwa. Tulipanda gari kurudi Gitega, na kule Imelda alinipokea kwa sentensi moja tu: "Umemkatia mama yangu mume wake."

Mamamkwe hakupokea simu yangu mwezi mzima. Mvua zilinyesha. Nilipasua ramani nikawashia jiko, na hata kuwaka haikuwaka vizuri. Kadi zangu nilizificha chini ya godoro.

Halafu Ilyasi akanipigia simu kutoka Muyinga, alikokwenda kuchukua mbao zake.

"Ignasi, kuja haraka. Mirunda yako iko na majani."

"Acha utani."

"Wallahi. Na mama iko hapa, anakuita."

Nilifika kesho yake nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Mama Emiliana alikuwa amechutama na ndoo katikati ya mirunda yangu kumi na miwili. Minane ilikuwa imekauka. Minne ilikuwa na majani mabichi, madogo kama kucha.

"Umuvumu hauhitaji akili," alisema bila kunitazama. "Ukiuchimbia unashika. Hata ukichimbiwa na mjinga."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza." Akaanza kumwagilia, kwa kikombe, mti kwa mti. "Huu wa Kastori. Huu wa Riziki. Huu wa Josephat." Kila jina alilitaja polepole. Ilyasi alivua kofia.

Mti wa nne akaupita, akaja kunikabidhi ndoo. Nikadhani ananituma maji.

"Mama yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Alishafariki, mama. Kambini."

"Hilo najua, tulikuwa kambi moja. Nauliza unamkumbukia wapi."

Mimi, mwenye kadi, mwenye sentensi, niliyejengea wafu wa nusu ya Gitega, sikuwa nimemwekea mama yangu hata jiwe. Machozi yakanitoka mbele ya mamamkwe na mbele ya seremala wangu.

"Aliitwa nani vile?"

"Jovina."

Akaunyoshea kidole mti wa nne.

"Basi usisimame hapo, mkwe. Jovina anakauka."