Jaku na Majimoto wa Kuomba

Jaku, mkwezi wetu wa Kigombe, alirithi kazi kwa baba yake. Shamba la marehemu mume wangu analijua mnazi kwa mnazi. Lakini kusikia hasikii, na kunyamaza hajui.

Minazi yetu ilikuwa na majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma, sikatai. Mwaka juzi Jaku akawapulizia dawa shamba zima bila kuniuliza.

"Umewaua walinzi," nikamwambia.

"Mama Tahiri, mlinzi gani huyo anamng'ata anayekuja kuangua?"

Nikamweleza kwamba majimoto huwinda vidudu vinavyofyonza nazi changa. Akacheka. Haukupita muda, vidaka, zile nazi ndogo zinazoanza tu, vikaanza kudondoka, vimetoboka na kutoa utomvu. Jaku akatangaza kijiji kizima kuwa ni husuda. Husuda! Ukoo huu umetoa nazi za wali wa Maulidi tangu enzi za babamkwe, na mwaka jana tulipeleka za sokoni. Niliapa haitatokea tena.

Majimoto wa karibu walikuwa kwa Mwanamkasi, jirani aliyegombana na mume wangu kuhusu mpaka hadi anazikwa. Nikamtuma Jaku: "Omba kwa adabu, upite njia ya nyuma, wala usinitaje."

Akapita katikati ya kijiji, gunia la viota kwenye ncha ya mti, anajipiga makofi ya shingo. "Pisheni! Bibi harusi wa Mama Tahiri huyu!"

Juu ya hayo akaniletea salamu. "Mwanamkasi anasema uje mwenyewe ushukuru."

Nikavaa buibui, nikaenda.

"Karibu, jirani," alisema Mwanamkasi. "Wangu wanauma, ila wana adabu. Hawavuki mpaka bila kualikwa."

Nikasema ahsante.

Jaku akafunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili majimoto wavuke juu kwa juu, maana chini kuna sisimizi wanaowaua. Alilalamika kila fundo. Vidaka vikashika, vikawa vitale, vikawa nazi.

Mwaka huu wali wa Maulidi umepikwa kwa tui letu. Uani mwa msikiti Jaku alikuwa akifua nazi huku akimwambia kila apitaye: "Nazi za Mama Tahiri, ulinzi wa Mwanamkasi!" Mwanamkasi mwenyewe amekaa mkekani, anatabasamu.

"Jaku," nikasema, "fua nazi, unyamaze."

Akafua.