Mti Mahali pa Kisima

Bwana Mipango hakuwa mtu wa kusema "nataka". Alisema "wananchi tunahitaji," hata alipokuwa anaagiza soda. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale, na mikono yake haikutulia: leso nyeupe ilitoka mfukoni, ikafuta vumbi kwenye kielelezo cha mbao alichokuja nacho kijijini Mkuza, ikarudi mfukoni, ikatoka tena. Kondo, kijana wa hapo aliyepewa kazi ya kupigilia vigingi vya mipaka, alikwisha kuichukia leso ile. Juu ya ubao bustani ya michezo iliyopakana na kijiji ilikuwa imepanuliwa tayari: pembea mpya, kigari moshi cha watoto, watu wa njiti za kiberiti wakipunga mikono. Kijiji hakikuwamo.

Bi Sikudhani alifika na ndoo kichwani, akaitua, akainama kutazama. Bwana Mipango alimpa shikamoo bila kumwangalia usoni.

"Marahaba. Kisima chetu mbona sikioni, baba? Nasi hatuna kingine."

Bwana Mipango alitabasamu, akachagua kijiti chenye majani ya karatasi, akakichomeka penye kisima. "Hapa tumewawekea mti wa kivuli, mama."

"Haya." Akamsogezea ndoo juu ya ubao. "Nichotee basi."

Wanakijiji waliokusanyika waliangua kicheko, ila Kondo alikuwa ameikaza nyundo mkononi. Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye ndoo, likatua kwenye reli ya kigari moshi. Leso ilitoka mbio.

"Taratibu, ndugu zangu," alisema Bwana Mipango, akilifuta kama uchafu. "Gundi haijakauka."