Ufunguo Uliondoka na Mradi

Wewe unayesoma hapa umewahi kupita soko la Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, ukamwona mwanamke ameinamia kompyuta iliyofunguliwa tumbo, ukageuka kuangalia nyanya. Uliona pia picha za kompyuta zikikabidhiwa zahanati, utepe ukikatwa, makofi yakipigwa. Hukuuliza mwaka uliofuata zilikuwa wapi. Zilikuwa hapa, kwa fundi Maximilla Shitanda.

Saa tatu asubuhi. Jua limeshaanza kuchoma mabati ya kibanda chake. Maximilla anawasha mashine, anabonyeza kitufe kimoja mfululizo kama anayegonga mlango wa mtu aliyelala, kisha anasoma maandishi kwenye kioo. Anashusha pumzi.

"Imekataa tena, Sista."

Sista ni Lornah Achola, muuguzi wa zahanati ndogo nje ya soko. Ameketi juu ya kreti ya soda. Mapajani ana mkoba, na ndani ya mkoba kuna kava tupu ya diski aliyokuja nayo. Umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza kompyuta ya zahanati. Ndani yake kulikuwa na rekodi za watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu unaojulikana vizuri mno katika nyumba za ufuo huu wa ziwa.

Dawa ya watoto hao hupandishwa polepole, kwa kupima damu na uzito, mpaka kila mmoja afike kiwango chake. Bila rekodi, Lornah itabidi amrudishe kila mtoto kwenye dozi ya chini kabisa. Kliniki ni Alhamisi.

"Kuna Elsie wa Milka," anasema. "Huyo alikuwa analazwa kila mara. Sasa anaenda shule, anaruka kamba. Dozi yake haiko kichwani mwangu. Nikikisia juu, damu yake inashuka. Nikikisia chini, maumivu yanarudi. Sasa unataka nikisie namna gani?"

"Na karatasi?" Maximilla anauliza.

"Mradi uliotupa kompyuta ulituambia karatasi ni mambo ya zamani. Tukaacha kuandika. Kadi ya mama ina tarehe ya kurudi tu."

Lornah hakuzembea. Kila Ijumaa alichomeka diski na kuhifadhi nakala, kama alivyofundishwa. Kompyuta ilipoungua, zahanati ilinunua nyingine ya mtumba mjini. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mafundi wengi mjini huzunguka na flash moja ya zamani. Ili ikubali kila mashine, huirudisha mashine kwenye mtindo wa zamani wa kuwaka na kuzima ulinzi wake. Nakala ya zahanati ilitengenezwa kwenye mtindo mpya, kwa hivyo mashine hii ikaikataa. Maximilla ameurudisha mtindo mpya. Ulinzi nao umejiwasha, na sasa unaikataa flash yake ya uokoaji, yenye programu ya kurudisha nakala, kwa kuwa haina saini unayoitambua.

"Nauzima kwa hii kazi tu," anasema. "Nikimaliza nauwasha. Ukiuacha wazi, virusi inaingia kabla hata Windows haijaamka."

Jirani yake Obonyo, muuza kava za simu, anachungulia. "Nyar Mumias," anamwita, yaani binti wa Mumias kwa Kijaluo, "hiyo mashine unaibembeleza kuliko mume."

"Omera, ndugu yangu, uza kava zako. Na hizo zenyewe hazitoshi simu."

Maximilla alikuja Kisumu kutoka Mumias, akawa anafagia cyber moja kule Nyalenda, anakoishi mpaka leo. Alijifunza kwa kusimama nyuma ya mafundi na ufagio. Siku nzuri hupata shilingi mia nane. Siku nyingine hupata nauli. Macho yake ni mekundu, na maumivu ya mgongo, anasema, ameshayazoea.

Flash inakubali. Diski inaonekana. Lornah anasimama.

Kisha kioo kinageuka buluu na kuomba ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

"Hii diski nani aliifunga?" Maximilla anauliza.

"Afisa wa mradi."

"Ufunguo alikuachia?"

Lornah anatazama barabarani. "Siku ya kufunga mradi tuliimba, tukakata keki. Pasta akaiombea kompyuta. Mimi nikapewa cheti na leso. Ufunguo hakuna aliyeutaja."

Kompyuta iliyoungua ilikuwa inaifungua diski yenyewe, kimya kimya. Hakuna aliyejua ina kufuli.

"Huwezi kuvunja?"

"Sista, hii haivunjwi. Fundi akikuambia ataivunja, anakula pesa yako. Ufunguo uko kwa email ya mtu."

Mtu huyo alihamishwa. Lornah anampigia; simu imezimwa. Anapigia makao makuu; yanamjibu kwamba mradi ulishafungwa rasmi na ombi lake limepokelewa.

Ufuo huu haujasahau. Ilikuwako mashine ya barafu ya samaki iliyonyamaza siku mtaalamu wake aliporudi kwao na nywila kichwani. Ukawako mtambo wa kusafisha maji, leo kuku wanatagia humo. Kila mara walioondoka waliondoka na picha, na waliobaki wakaambiwa hawakutunza.

Maximilla ana mpango. Anataka kuzunguka zahanati, kutoka hapa mpaka Katito, ajaribu kurudisha nakala zao kabla mashine hazijaungua, na kila ufunguo uandikwe na kufungiwa kwenye kabati la dawa.

"Kila mtu ananionyesha diski," anasema. "Nikiuliza umewahi kujaribu kurudisha nakala yake, wanairudisha mkobani."

Anaiacha mashine ikiwaka, kioo kikiwa bado buluu. Lornah ameketi tena, simu mkononi.

Basi wewe. Kama uliwahi kufanya kazi na mradi uliogawa kompyuta kwenye zahanati za ufuo huu, weka gazeti chini. Usingoje barua ya ruhusa, maana Alhamisi haitaingoja. Fungua email yako ya zamani, itafute namba hiyo ndefu, mpigie muuguzi uliyefanya naye kazi. Kama si wewe, unamjua aliyekuwa huko. Mpigie yeye. Kisha someni namba hizo moja moja, polepole, mpaka walio upande wa pili waseme imefunguka.