Gia za Ndani, Gia za Nje

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida, mke wangu Mwanahalima alifunga kapu la kamba wakavu kwenye keria, akanywa chai amesimama, tukatoka Mtunda kwenda gulioni Kibiti. Yeye kwenye baiskeli yake, mimi kwenye yangu. Njiani akataka tubadilishane, nionje yake. Tulipofika kwenye mchanga ikanishinda. Akasema neno, akacheka. Jioni homa ikamshika. Haikumwacha.

Alizaliwa Kiongoroni, huko mtu anakwenda kwa mtumbwi. Baiskeli alijifunza mtu mzima, nimeshamwoa. Wanawake wa Mtunda walimcheka, wakasema mtu wa mtumbwi huyo, mpeni kasia. Akawajibu wakae mbali, asije akawalowesha. Haukupita muda, akawa anawapita njiani na mzigo wake.

Baiskeli yake ni mtumba, mwanetu Talib aliileta kutoka Dar. Gia tatu, zote zimo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, huzioni. Kimya. Nyuma nzito kidogo, na kutoka gia moja kwenda nyingine ni mbali, mguu unasikia. Lakini hata ukiwa umesimama unabadili, ukiondoka unaondoka na nyepesi.

Yangu gia ziko nje, cheni inaruka kutoka meno haya kwenda yale. Nyepesi, inajibu upesi. Ila lazima upige pedali ndipo ibadili. Ukikwama mchangani na gia nzito, umekwama. Na mchanga ukiingia, inalia njia nzima.

Tangu tumzike situlii. Nakaa barazani, nainuka. Naingia ndani, natoka. Chai inapoa. Nachukua baiskeli yangu, nafika barabara kuu, nageuza. Hakuna ninachofuata.

Arobaini ilipofika tukagawa vitu vyake. Mdogo wake, Mwanaidi, anayekaa Mchukwi, hakutaka kanga. Alitaka baiskeli. Haki yake, ni ya dada yake. Nikamwambia achukue yangu, nikamsifia wepesi wake. Akanitazama.

"Shemeji, hiyo unanipa au unaniuzia?"

Watu wakacheka. Nikasema basi, ya dada yake nitampelekea mwenyewe. Sikupeleka. Kila nikiishika usukani, naiegemeza tena ukutani. Majirani wakaanza kuuliza.

Jana nikaondoka nayo. Kwenye mwinuko wa mchanga, kabla ya Mchukwi, nikawa nakandamiza pedali huku nabadili gia, kama nilivyozoea kwenye yangu. Ikakataa. Ikagonga ndani, pedali ikateleza, nikashuka. Nikapanda, ikakataa tena. Nikasimama natweta. Nikataka kuirudisha nyumbani. Lakini nyumbani ndiko nisikoweza kukaa.

Hapo nikakumbuka lile neno lake. Nikapanda tena, nikaenda kidogo, nikaacha kusukuma. Miguu ikatulia juu ya pedali. Gia ikaingia, wala sikusikia sauti. Nikaumaliza mwinuko nimekaa.

Mwanaidi alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamkabidhi. Akauliza kama ina ugonjwa wowote. Nikamwambia haina, ila ashike maneno ya dada yake, aliyoniambia asubuhi ile pale mchangani:

"Legeza mguu kwanza, Baba Talib. Haikukimbii. Itaingia tu."