Maoni ya Mama

Harufu ya nywele za rasta zikichomwa ncha hunirudisha saluni kwa mama, mtaani Isipingo. Siku ile alikuwa akinisuka huku mteja mmoja akitusomea riwaya ya mke aliyemtoroka mumewe. Wanawake wakabishana.

"Ule mwanamke iko mubaya," jirani yetu alisema. "Aliacha batoto!"

Mama akacheka. "Miye ningeenda zamani."

Hatukuwa tumemwona baba mlangoni. Aliingia, akakichukua kile kitabu taratibu, akakichana katikati mbele ya wote.

"Malizia mutoto nywele," alimwambia mama.

Mama akaendelea kusuka. Alipomaliza, akazichoma ncha.

Siku hizi mimi humnunulia riwaya. Yeye huzisoma zote. Nikimuuliza amezionaje, hunijibu, "Uliza baba yako."